Mlizamu wa Upande wa Nyuma

Mtwara, 12 Oktoba 2023

Kwako Laila, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Salaam aleikum. Mimi sijambo, mguu ndio wenye jambo, lakini mguu haujui kuandika barua, basi tuuache. Mdogo wangu ananitunza vizuri hapa kwake, ila chai yake ina sukari kama ya harusi. Nisalimie mama yako Chamima. Barua hii anakuletea Gildo, yule anayevusha vitunguu pale mpakani Namoto. Mpe maji anywe, usimpe maneno, mdomo wake haufungwi hata Ijumaa.

Sasa nisikilize. Mmerudi Mute tangu Agosti. Umeniandikia habari za kuku, za jirani, za antena ya simu ambayo bado imelala chini, mpaka za mbwa. Kuhusu mlizamu hukuandika hata neno. Nyumba ina bati juu na tangi la saruji chini, na kati yake kuna mlizamu unaokusanya maji ya paa na kuyapeleka tangini. Bila huo mtakunywa kisima, na maji ya kisima chetu unayajua, hata sabuni inayakataa.

Mwezi huu ndio wake, kabla ya mvua. Panda kwa ngazi ya mianzi, uifunge juu kwa kamba, usitegemee mtu kukushikia. Majani ya mkorosho yatoe kwa mkono. Ukitumia jembe utakwaruza bati, na upepo wa chumvi hula palipokwaruzwa. Ukimaliza, mimina kata moja ya maji upande wa juu, utazame. Yakisimama mahali, kulabu ya hapo imelegea, igongee. Mdomo wa tangi uufunge kitambaa cha chandarua.

Baba yako alifanya hivyo kila mwaka, hakungoja kuambiwa. Mwanangu Chamsudine akirudi akute maji, asije akaninunia mimi.

Bibi yako,
Muanacha


Mute, 9 Novemba 2023

Bibi, shikamoo.

Tumshukuru Mungu, sisi wazima. Mama anakusalimu sana. Amepata kipande cha machamba karibu na barabara, amepanda mihogo. Mimi nafundisha watoto wa darasa la kwanza chini ya turubai, maana escola haina paa. Gildo alikunywa maji vikombe viwili akaanza kunisimulia ugomvi wako na mdogo wako juu ya sukari.

Kalera nimeisafisha. Nilitoa majani ndoo tano, na kiota cha ndege kilichoachwa. Kulabu mbili zilikuwa zimelegea upande wa mbele, nimezigongea kama ulivyosema, na kidole nacho nimekigonga. Upande wa nyuma, ule wa karibu na tangi, kipande kizima hakipo, kama hatua mbili hivi. Sijui nani alikichukua wakati hatupo.

Bibi, kuna jambo. Ni miaka miwili na nusu sasa tangu siku ile ya kuwakimbia wale wenye bunduki. Waliorudi wamerudi, na waliotuma salamu kutoka Pemba ya huku kwetu na Nampula wametuma. Shehe alikuja kumuuliza mama kama familia iko tayari kumsomea baba khitma. Mama akasema khitma haianzi kabla mama mzazi hajasema. Ndiyo desturi yetu, hata mimi naijua. Basi amenituma nikuulize. Yeye bado anapika ugali wa watu watatu, Bibi. Sisi tuko wawili.

Mjukuu wako,
Laila


Mtwara, 2 Desemba 2023

Laila,

Salamu zako nimezipata. Hapa kumekucha na joto, mguu umevimba.

Kwanza, huo si kalera, ni mlizamu. Umesoma mpaka darasa la kumi na mbili na jina la kitu cha nyumbani kwako unaliazima. Pili, upande wa nyuma uwekwe bati. Hatua mbili wazi ni robo ya paa, maji yote ya robo hiyo yanakwenda kunywesha majani. Mtafute fundi yeyote aliyerudi, akunje bati jipya, kila maungio apake lami iliyochemka. Asipake lami ya baridi, inabanduka kabla ya Ramadhani.

Mvua ya kwanza ikija, lile bomba la kuingilia tangini ligeuze pembeni. Maji ya kwanza ni ya kuosha paa, yana mavi ya ndege na vumbi la kiangazi chote. Yaache yapotee. Mvua ya pili uligeuze lirudi tangini. Usisahau kulirudisha. Nakwambia tena, usisahau kulirudisha.

Kuhusu hilo lingine. Khitma ya nani? Mwanangu amezikwa wapi, hata mnisomee mimi khitma yake? Shehe ana haraka gani, pilau? Mwambie mama yako kwamba mwanamke anayempikia mumewe anajua anachofanya, na aendelee.

Sina zaidi.
Muanacha


Mute, 20 Januari 2024

Bibi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Barabara ya Namoto ilikatwa na maji na Gildo hakupita wiki tatu.

Mvua zimekuja vizuri. Maji ya kwanza nimeyamwaga, ya pili nimeyarudisha, maji ya tangi yamefika kiunoni mwangu. Majirani wanakuja kuchota, hatumnyimi mtu. Juzi walichota ndoo nne za kumkoshea mzee aliyefariki huku chini, maana mwanawe hakutaka baba yake akoshwe kwa maji ya chumvi.

Bernardino amerudi kutoka Mueda. Yule fundi Mmakonde aliyeezeka nyumba yetu pamoja na baba. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe. Alipanda akakaza kulabu zote na kupaka lami ya moto, hakutaka malipo.

Upande wa nyuma tumeuacha kama ulivyo. Mama hataki uwekwe bati. Mimi pia sitaki.

Mguu unaendeleaje? Je, presha yako wanakupima?

Laila


Mtwara, 17 Februari 2024

Laila,

Mguu upo. Presha wananipima, na kila wakinipima inapanda kwa sababu yenu.

Mama yako hataki. Wewe pia hutaki. Nyumba ile niliijenga kwa korosho zangu, misimu tisa, nikavaa kanga moja ikachanika, na leo wenye kutaka na kutokutaka ni ninyi. Fundi amerudi, lami ipo, mnamwacha anakwenda zake na shimo liko wazi. Ni uvivu huo au ni nini? Andika. Una mkono wa kuandika mambo ya ndoo na majirani, basi una mkono wa kuandika sababu.

Huyo Bernardino aliondoka siku ileile tuliyoondoka sisi. Sikuulizi alipitia wapi. Sikuulizi alimwona nani. Kama kuna alilosema, nani alimwomba aliseme? Mafundi wanapenda kusimulia.

Februari mvua zinapopumzika siku mbili tatu, tazama maji yasisimame ndani ya mlizamu. Yakisimama yanazaa mbu, na mbu wa mlizamu wanaingia dirishani moja kwa moja. Pangusa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo.

Bibi yako


Mute, 28 Aprili 2024

Bibi wangu, shikamoo.

Nimechana barua tatu kabla ya hii. Naomba ukae chini unapoisoma, na mdogo wako awe karibu.

Bernardino alikuja kwetu tarehe kumi na moja Januari. Mama alimpa kiti, hakukaa. Alituongoza nyuma ya nyumba, kati ya tangi na ukuta, akasimama mbele ya kipande cha bati kilichochomekwa ardhini. Tulikiona tangu Agosti tukadhani ni takataka za waliopita. Mama alikuwa anaanikia hapo vitambaa vya kufutia vyombo.

Akasema, "Chamsudine yuko hapa."

Siku ile yeye Bernardino alikuwa amejificha kwenye mihogo ya jirani. Alimwona baba akirudi peke yake mbio, akichukua ngazi, akiiegemeza kwenye ukuta wa nyuma. Wale wenye bunduki wakatokea upande wa barabara. Walimpiga risasi akiwa juu ya ngazi. Bernardino alingoja mpaka walipoondoka, akachimba kwa mwiko wake wa ufundi na kwa mikono. Hakuwa na sanda, akachukua pazia la chumba chako, lile la maua. Kibla hakukijua, yeye ni mtu wa padri, lakini alikumbuka jinsi baba alivyokuwa akishuka kwenye mapaa wakati wa adhuhuri na alikoelekeza uso, akamlaza hivyo. Shehe amekwenda kutazama, anasema amelazwa sawasawa. Hatua mbili za mlizamu Bernardino mwenyewe alizing'oa, akazisimamisha kichwani ili mahali pasipotee.

Ndiyo sababu hatuwezi kuweka bati, Bibi. Hatujui tufanye nini na hilo lililosimama pale.

Nilikuficha kwa sababu ya presha. Mama alisema tungoje Ramadhani ipite, halafu Idi, na Idi imepita. Shehe anasema eda ya mama ilikwisha zamani kwa siku zake, wakati yeye anapepeta unga wa ugali wa baba. Kilichobaki ni kuswali kaburini na khitma. Vinakungoja wewe. Mama hataki vifanyike bila aliyemzaa.

Na mama anauliza jambo moja. Sote tulikuwa tumeshafika kwenye njia ya mihogo. Baba alikuwa nyuma yetu, pamoja nawe. Kwa nini alirudi?

Laila


Mute, 15 Juni 2024

Bibi, shikamoo.

Gildo anasema barua alikukabidhi mkononi na wewe ukaingia ndani ukafunga mlango. Anasema alipopita mara ya pili ulimwambia mkono unakuuma.

Upepo wa kusi umekaza. Mchanga umejaa mlizamu wa mbele, nimeutoa kwa ufagio wa makuti. Sijui kama nimefanya vizuri. Niambie hata kwamba nimefanya vibaya.

Laila


Mtwara, 3 Agosti 2024

Laila, mjukuu wangu,

Mkono hauumi. Mguu nao ulipona tangu mwaka jana mwezi wa saba. Natembea mpaka sokoni na kurudi. Nimewadanganya, na mdogo wangu nimemfanya shahidi wa uongo. Lingine lote katika barua hii ni kweli.

Mchanga wa kusi umefanya vizuri kuutoa kwa makuti. Mwezi huu tazama kulabu, kutu huanzia chini ambako jicho halifiki, pitisha kidole. Basi, hayo nimeyasema, kwa kuwa nikianza na mengine sitaweza kuandika tena.

Mama yako ameuliza kwa nini alirudi. Nilimrudisha mimi.

Ilikuwa wiki ya jua, halafu asubuhi ile mawingu yakakusanyika. Chamsudine alikuwa amegeuza bomba pembeni tangu jana yake, ili mvua ikija ioshe paa kwanza. Wewe na mama yako mlikuwa mbele na mizigo. Tulisikia milio ya bunduki upande wa Palma, watu wakawa wanapita mbio. Mimi nikatazama juu, nikaona mvua inakuja, nikakumbuka bomba. Nikafikiri tutakimbia siku mbili, tatu, kama mara ile nyingine, tutarudi na kiu, na tangi litakuwa tupu kwa sababu bomba limegeukia majani. Wale wote ambao mwaka mzima wanachota kwetu, na maiti wao wakikoshwa kwa maji yetu, watakuja na sina cha kuwapa. Hayo ndiyo niliyoyafikiri. Watu wanauawa, mimi nafikiri heshima ya tangi langu.

Nikamwambia rudi ukaligeuze. Akasema, "Mama, watu wanakimbia." Akacheka kidogo, unajua alivyokuwa akicheka nikimgombeza. Nikamwambia, "Wewe tangu utotoni kazi unaiacha nusu."

Haikuwa kweli. Hakuna kazi aliyopata kuiacha nusu. Ni ulimi wangu tu, ulimi huu uliozoea. Akaweka chini mzigo wangu aliokuwa amenibebea, akasema nisimame kivulini asije akanipoteza, akarudi. Nilisimama. Mvua ikanyesha kubwa. Nikasikia milio upande wa nyumba, nikahesabu, sijui kwa nini mtu anahesabu. Halafu wanawake wa Mute wakanishika mikono wakanivuta, na mimi nikakubali kuvutwa. Mlipoungana nami kule porini mkaniuliza yuko wapi, nikasema tumepotezana njiani. Neno hilo nimelala nalo miaka mitatu.

Ndiyo maana nilikataa khitma. Nilijua. Mama mzazi anajua. Lakini mkisoma khitma watu watakaa, na watu wakikaa huuliza marehemu alifikwaje, na atakayejibu ni mimi. Nikaona afadhali awe hajafa. Nikawaandikia habari za majani na lami ili tuseme jambo ambalo halina yeye ndani, kumbe kila neno la mlizamu ni la kwake, yeye ndiye aliyenifundisha. Mimi sikupata kupanda ngazi ile hata siku moja. Nilikuwa nasimama chini nasema.

Hilo bati la kichwani lisiguswe. Upande wa nyuma ubaki wazi. Lakini maji ya paa yasimwangukie: chimbeni mtaro mfupi chini ya ukingo, muupange mawe, muuelekeze kwenye migomba. Kazi hiyo afanye Bernardino, na mwambie kwamba mama yake Chamsudine amesema ahsante, na kwamba pazia lile nililipenda na ninafurahi alilichukua.

Ruhusa nimeitoa. Someni khitma. Swalini kaburini. Mimi sistahili kuwapo.

Barua hii msomee mama yako yote, usiruke. Usilainishe maneno, nakujua.

Muanacha


Mute, 1 Septemba 2024

Bibi, shikamoo.

Nimemsomea. Sikuruka.

Alikuwa anamenya mihogo. Hakuacha kumenya. Ilipokwisha ya siku hiyo akachukua ya kesho, akaimenya yote, ungo ukajaa mpaka ikawa inaanguka. Akaosha mikono, akaenda machambani, akarudi jioni. Siku tatu aliniambia mambo ya moto na chumvi tu. Nilimwogopa. Mimi mwenyewe, Bibi, nililia kwa ajili ya baba, halafu kwa ajili yako, halafu nikakuchukia siku nzima, halafu nikachoka. Nakwambia kwa kuwa ulisema nisilainishe.

Bernardino amechimba mtaro. Nilimpa salamu zako, akavua kofia akatazama chini.

Siku ya nne mama aliniita, akaniambia nichukue kalamu niandike kama anavyosema:

"Mama mkwe, hasira ninayo, na sitakudanganya kwamba imekwisha. Miaka mitatu nimekuwa najilaumu mimi, nikidhani alirudi kuchukua kitu changu nilichosahau. Ungeniondolea hilo kwa neno moja. Lakini khitma ya mtoto wako siisomi wewe ukiwa Mtwara. Njoo, na hasira uikute."

Ndivyo alivyosema. Halafu jioni ile akapika ugali wa watu wawili.

Laila


Mtwara, 14 Septemba 2024

Laila,

Nimeisoma, nikampa mdogo wangu akaisoma, kwa sababu uongo niliomfanya auseme na yeye ana haki ya kujua ulikuwa wa nini. Analia jikoni. Mimi nafunga nguo.

Gildo anatangulia na barua hii, Jumanne atarudi kunivusha Namoto. Msinipikie kitu maalumu. Msiwaambie watu wa Mute kwamba Bi Muanacha anakuja mgonjwa, semeni anakuja kuzika.

Mwambie mama yako asinyanyuke kunipokea. Kama hataki kunipa mkono, asinipe. Nitaingia mwenyewe nitandike mkeka, nikae upande atakaonionyesha. Watu wakijaa na wakauliza marehemu alifikwaje, nitasema kama nilivyowaandikia. Naye akitaka kuniambia lililoko moyoni mwake, asingoje tuwe peke yetu, aseme mbele yao wote, aseme mpaka amalize. Mimi, ambaye tangu nizaliwe hakuna aliyepata kusema neno la mwisho mbele yangu, sitamjibu.

Bibi yako,
Muanacha, mama yake Chamsudine